Maji ya Birika

Mimi ndiye niliyeandika lile tangazo, kwa hiyo sina pa kujificha. Limebandikwa pembeni ya kabati la masanduku ya posta, kwenye kona ya mtaa wetu hapa kijijini Zelena, tangu mwaka aliofariki mke wangu Stefania: USIMIMINE MAJI MOTO KWENYE KUFULI. YATAGANDA. Chini yake nikatia sahihi, O. Hrynkiw, ili kila mtu ajue ni neno la mtu aliyetunza majengo ya shule miaka thelathini na moja, na aliyefungua makufuli yaliyoganda mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake. Watu wa hapa huniita wakikwama. Nilikuwa najivuna kwa hilo, nisiseme uongo.

Jumanne mchana nilikwenda kuchukua barua. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, na nilikuwa nasubiri kitabu cha mbegu. Ni picha za nyanya na matango tu, lakini mwezi wa Januari mtu wa huku anazitazama picha hizo mpaka usingizi unamchukua kwenye kiti. Sanduku langu ni namba kumi na nne. Kufuli likagoma. Njia ya halali naijua kama jina langu: vua glovu, pasha ufunguo kwa kiberiti cha gesi, usukume taratibu, utoe, pasha tena, mpaka barafu ya ndani ikubali. Hizo ni dakika kumi za vidole vitupu. Na birika nyumbani lilikuwa limetoka kuchemka, hatua themanini kutoka pale.

Nikarudi na birika. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikamimina.

Kufuli lilifunguka papo hapo. Huo ndio ulaghai wa maji moto, yanakufungulia leo ili yakufunge kesho. Lakini mimi nilijiambia kwamba nitalipangusa vizuri, nitatia spiriti, hakuna atakayejua. Nikalipangusa langu, nikatia spiriti, nikachukua nyanya zangu nikaenda zangu. Maji yalikokwenda sikufikiria. Maji huenda chini. Chini ya kumi na nne kuna kumi na tano, na kumi na tano ni sanduku la Olha Prystupa.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa Olha mwenyewe, kavaa koti lake zuri, lile la kanisani, na buti za safari. Olha na mimi tumekuwa majirani miaka thelathini. Kila majira ya baridi tunagombana juu ya theluji, nani ameisukumia upande wa nani, na kila Krismasi ananiletea sahani ya pirogi, sambusa zetu za kuchemsha zenye viazi ndani, zilizofunikwa kitambaa. Ananiletea huku amenuna.

“Orest, ile dawa yako ya kufuli bado unayo?”

“Iliisha Desemba. Kuna nini?”

“Sanduku langu limeganda. Si kuganda kwa kawaida. Njoo ulione.”

“Dwayne atapita na barua saa kumi,” nikasema. “Yeye anafungua kabati zima kwa ufunguo wake.”

“Saa kumi ndege yangu itakuwa imeondoka saa nzima iliyopita,” Olha akasema. “Pasipoti yangu imo humo.”

Nikakaa kwenye kiti cha kuvulia viatu. Habari ya safari hiyo nilikuwa naijua, mtaa mzima ulikuwa unaijua. Binti yake Larysa anaishi Minneapolis. Miaka miwili walikuwa hawasemi, kwa sababu ya maneno yaliyotoka mezani siku moja ya Krismasi, maneno ambayo Olha hajawahi kunisimulia na mimi sijauliza. Kisha wiki mbili zilizopita simu ikalia. Larysa angefanyiwa upasuaji wa moyo, Alhamisi asubuhi. Alisema maneno mawili tu: mama, njoo. Pasipoti ya zamani ilikuwa imekwisha muda, akaomba mpya kwa haraka, na Jumanne jioni ujumbe ukamfikia kwenye simu kwamba imewekwa kwenye sanduku lake.

“Leo ni Jumatano,” Olha akasema, kana kwamba mimi sijui siku. “Inabidi niwe njiani saa sita. Vaa.”

Nilivaa.

Kwenye kona tuliwakuta Lorne Dyck na Delphine Cardinal. Lorne ni mkulima wa ngano, mtu mkubwa mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Delphine anasuka na kukata nywele kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi. Walikuwa wameinama mbele ya sanduku la kumi na tano. Barafu ilikuwa imeteremka kutoka langu mpaka lake, nene kama kidole gumba, imejaza tundu la ufunguo na kuziba ukingo wote wa kimlango. Nyingine ilikuwa imetiririka pembeni ikalifunika tangazo langu. Lilisomeka vizuri kabisa, kama limetiwa kioo.

“Kuna mtu ameoga hapa?” Lorne akauliza.

“Bomba la paa,” nikasema.

“Kabati halina paa, mzee,” Delphine akasema. “Wala bomba.”

Nilipiga magoti kwenye theluji nikajifanya nalichunguza kufuli, nami nilikuwa nalijua fika. Mganga hajigangi, ndivyo wanavyosema, lakini mganga anayewaambukiza majirani zake sijui wanamwitaje.

“Nani ana dawa ya kufuli?” nikauliza.

“Mimi ninayo,” Delphine akasema. “Chupa mpya.”

“Ilete basi.”

“Iko ndani ya gari.”

“Na gari?”

“Mlango umeganda tangu juzi.”

Lorne akacheka mpaka mvuke ukamfunika uso. “Yaani dawa ya kufuli umeifungia kwa kufuli?”

“Na wewe yako iko wapi, bwana mwerevu?”

Lorne akaacha kucheka. “Kwenye gari,” akasema. “Na gari liko kwa fundi, mjini.”

Olha hakucheka. Alikuwa amesimama na ufunguo wake mkononi, ameushika kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Nilimwona na nikataka kusema palepale: ni mimi, Olha, ni birika langu. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Kisha nikayameza, nikasema, “Lete huo ufunguo.”

Delphine alitoa sanitaiza mfukoni akaimimina yote. Ilikula barafu ya juu, ya ndani haikuifikia, na spiriti yangu ilikuwa imebaki matone machache tu, ya kukaushia, si ya kuyeyushia. Lorne akapasha ufunguo kwa kiberiti, akausukuma, ukaingia nusu. Nikaona mabega yake yanajiandaa. Nikampiga kofi mkononi.

“Usizungushe.”

“Umeingia, mzee.”

“Umeingia nusu. Ukikatikia humo tumekwisha. Utoe taratibu, pasha tena.”

Akapasha tena. Ufunguo ulifika palepale, haukuongeza hata unywele. Lorne akasogeza mdomo apulize pumzi ya moto kwenye tundu, nikamvuta kwa kola. Pumzi ni maji, nikamwambia, na humo ndani maji yameshatosha. Baada ya kusema hivyo nilihisi Olha ananitazama, nikageuza uso.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Kufuli lililoingiwa unyevu kidogo unalibembeleza kwa ufunguo wa moto likakubali. Lililomiminiwa maji si kufuli tena, ni bonge moja la barafu lenye chuma ndani. Linahitaji moto mkavu, wa muda mrefu, usioacha tone nyuma. Shuleni nilikuwa na mashine ya upepo wa moto. Hapa kwenye kona hakuna hata soketi.

“Delphine,” nikasema, “ile mashine yako ya kukaushia nywele ina nguvu?”

“Inakausha kichwa cha Lorne kwa dakika mbili.”

“Hicho hakina kitu,” Lorne akasema mwenyewe.

“Ilete. Na boksi moja tupu la shampuu, kubwa. Na kila mtu alete waya wake wa gari.”

Hapo hakuna aliyeuliza waya gani. Kila nyumba ya huku ina ekstensheni yake inayotoka ukutani mpaka kwenye pua ya gari, kuipa joto injini usiku kucha. Bila hiyo gari asubuhi ni chuma chakavu. Kumwomba mtu auchomoe waya huo siku ya nyuzi thelathini na saba si ombi dogo. Delphine akachomoa wake. Lorne akaleta mbili za trekta, za rangi ya machungwa. Mimi nikachomoa wa pikapu yangu, lakini kwanza niliiwasha nikaiacha ingurume. Olha akaja na wa kwake, wa kijani, umekunjwa kwa utaratibu na kufungwa utepe.

“Gari langu sasa litapoa,” akasema. “Nilikuwa niende nalo uwanja wa ndege.”

“Nitakupeleka mimi.”

“Wewe? Mwaka jana ulikataa kunipeleka kwa daktari wa meno.”

“Mwaka jana ulikuwa umenijazia theluji mlangoni.”

“Ilikuwa theluji yako,” akasema, na akanipa waya.

Tukaziunganisha, nyaya tano, kutoka soketi ya nje ya nyumba yangu kupita mbele ya uzio wa Olha mpaka kwenye kona. Kwa baridi ile zilikuwa ngumu kama fimbo, ilibidi tuzilaze chini kwa miguu. Nikatoboa boksi la shampuu matundu mawili, moja la kuvika kufuli na moja la kuingizia mdomo wa mashine, ili joto lisitawanyike na upepo. Lorne akaenda nyumbani kwangu kuchomeka plagi. Mashine ikaanza kuvuma. Sijawahi kusikia kinanda cha kanisani kilichonipendeza vile.

Dakika tano, sita. Barafu ya ukingo ikaanza kutoka jasho, na mimi nikawa nalipangusa kila tone kwa kitambaa kabla halijafika popote. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema. Huku kwetu yanazoleka, ila kwa kupiga magoti.

Kisha mashine ikanyamaza.

“Imeungua?” Olha akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

“Haijaungua,” Delphine akasema, “ni umeme umekatika.”

Lorne alitoka kwangu mbio, mikono hewani. “Ni mimi huyo! Fyuzi imeruka. Nilisema niwapikie chai, nikawasha birika.”

“Acha hilo birika!” nikampigia kelele. “Hilo birika limeshaniponza vya kutosha!”

Delphine akanitazama, akalitazama tangazo lililofunikwa na barafu, akanitazama tena. Mdomo wake ulifunguka, na Olha akawahi.

“Lorne, irudishe hiyo fyuzi,” Olha akasema. “Chai tutakunywa Pasaka. Delphine, shika boksi.”

Mashine ikavuma tena, lakini boksi lilikuwa limepoa na matone yaliyobaki yameganda upya. Tulianza karibu mwanzo. Saa tano na nusu. Saa tano na dakika arobaini. Vidole vyangu vilikuwa vimeacha kuuma, na mtu wa huku anajua hiyo si habari njema. Delphine alinipokonya kitambaa mkononi akapangusa yeye. Nilijaribu ufunguo: nusu. Nikangoja, nikajaribu tena: nusu na kidogo.

Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi, Olha akasema, “Lorne, lete mtaimbo.”

“Ni mali ya serikali, mama Olha,” Delphine akasema.

“Wanishtaki. Nitakuwa Minneapolis, waje wanifuate.”

Lorne alikuwa ameshaanza kwenda. Mimi nilijua kimlango kile. Ni chuma kinene, ukikipiga mtaimbo kinapinda na kujibana, na hapo unakata kwa msumeno mpaka jioni. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia, “Olha, nipe dakika tano. Tano tu.”

Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. “Tano,” akasema.

Nikaomba mashine ishikwe karibu zaidi. Nikamwambia Lorne apashe ufunguo mpaka auone unabadilika rangi, nikaupokea kwa koleo, nikausukuma. Nilikaa nao. Sikuulazimisha. Nilimwomba marehemu Stefania, na Stefania alikuwa hapendi kusumbuliwa kwa mambo madogo, lakini hili halikuwa dogo. Nikahisi kitu kinalegea ndani, kidogo sana, kama jino la mtoto. Ufunguo ukazama mpaka mwisho.

“Sasa?” Lorne akauliza.

“Sasa wewe kaa kimya.”

Nikazungusha. Ukazunguka. Delphine akapiga ukingo wa kimlango kwa ngumi, barafu ikapasuka, kikafunguka. Humo ndani mlikuwa na karatasi ya matangazo ya duka la vyakula, bili ya simu, na bahasha ngumu ya kahawia. Olha aliipasua kwa meno. Akaitoa pasipoti, akafungua penye picha, akajitazama.

“Nimetoka vibaya,” akasema, na machozi yakamtoka. Delphine alimkumbatia. Lorne alinipiga mgongoni nikaangukia kwenye theluji. Sijui kama nimewahi kushukuru hivyo maishani.

Nilitoa chupa yangu ya spiriti nianze kulikausha kufuli kwa ndani, kisha nitie unga mweusi wa penseli, maana ukiacha hivi hivi kesho linaganda tena.

“Orest,” Olha akasema, “achana na kufuli. Gari.”

Tuliondoka saa sita na dakika mbili. Barabara ilikuwa kavu, nyeupe kwa kufagiwa na upepo, na mabegi yake mawili yalikuwa nyuma yetu. Moja lilikuwa zito ajabu. Nadhani lilikuwa na pirogi. Tulipopita ghala la nafaka la kijiji cha tatu, nilishindwa kujizuia.

“Olha. Ile barafu.”

“Nini?”

“Ni mimi. Jumanne nilimimina maji ya birika kwenye kufuli langu. Nilikuwa mvivu. Yalishuka kwako. Nilipaswa kusema asubuhi, nikaogopa.”

Alikuwa anatazama mbele. “Najua,” akasema.

“Unajua?”

“Dirisha langu la jikoni linatazama kona, Orest. Nilikuona na birika. Nilikuona unatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Nilisema moyoni, leo nimempata, miaka thelathini, nitamsimanga mpaka kaburini.” Akaweka sawa kola ya koti lake. “Halafu jioni nikapata ujumbe wa pasipoti. Asubuhi nikakuta barafu.”

“Mbona hukusema? Ulinigongea mlango, ukaniuliza dawa.”

“Ningekusema ungeingia ndani ukajifungia kwa aibu siku tatu. Nakufahamu. Mimi nilikuwa nahitaji mikono yako, aibu yako sikuwa na kazi nayo.”

Nilishika usukani kwa nguvu. Mbele yetu njia ilikuwa imenyooka mpaka mwisho wa macho. Nilianza kumwomba radhi, naye akaniwekea mkono kwenye bega, mara moja tu, akauondoa.

“Endesha,” akasema. “Na usidhani nimesahau ile theluji.”

Alipita mlango wa wasafiri dakika ishirini kabla haujafungwa. Niliona koti lake la kanisani likipotea kwenye watu, nikarudi kwenye pikapu na kukaa mpaka mtu wa maegesho akaja kugonga kioo.

Alhamisi nilikaa jikoni karibu na simu. Nilikuwa na kitabu cha mbegu mbele yangu na sikufungua hata ukurasa. Kama Olha angechelewa kwa sababu yangu, na kama Larysa angeharibikiwa kule bila mama yake kuwepo, hakuna radhi ambayo ingenitosha. Mchana ukapita. Saa kumi Dwayne akapita na barua, sikutoka. Ilipofika saa kumi na moja simu ikalia.

“Ametoka,” Olha akasema. “Moyo unadunda vizuri. Ameamka.”

Nilisema tu, “Mungu mkubwa.”

“Alinishika mkono kabla hawajampeleka. Tulikuwa na dakika kumi peke yetu, na tukayasema, Orest. Yote ya Krismasi ile. Lile lililonifanya nisilale miaka miwili lilikwisha kwa dakika kumi.” Nikamsikia anapenga kamasi. “Sasa ameamka, ananiuliza, mama, safari ilikuwaje? Nikamwambia habari ya birika. Nikamwambia na habari ya tangazo lako, lilivyoganda ndani ya maji yako mwenyewe.”

“Ulimwambia na hilo?”

“Alicheka. Nesi akaja mbio kumkataza, anasema mishono itaachia. Alikuwa anajishika kifua, analia kwa maumivu, na bado anacheka. Miaka miwili sijamsikia mwanangu anacheka. Nilidhani ningekuja kukisikia kicheko kile kwenye mkanda wa zamani tu.”

Nilikuwa nalia na sikujali.

“Upo?” Olha akauliza.

“Nipo.”

“Larysa anasema usilitoe lile tangazo. Anasema uongeze mstari mmoja chini.”

Nilivaa koti nikaenda kwenye kona na kalamu ya wino mzito, ambayo niliibeba kwapani ili isigande. Nikabandua barafu iliyobaki kwa patasi. Chini ya sahihi yangu nikaandika, kwa herufi kubwa kama zile za juu: HATA WEWE, OREST. Kisha nikafungua sanduku la kumi na tano kwa ufunguo alioniachia, nikalikausha kufuli lake, nikatia spiriti, nikatia unga wa penseli. Juu yake nikaning’iniza kipande cha mpira wa tairi, kiwe mwavuli. Langu nililiacha kwa siku nyingine.